Mishale Sita

Mwaka 1999 nilikuwa mtunza stoo katika mradi wa mbegu za viazi mjini Gisenyi, Rwanda, na kila mchana, wenzangu wakienda kula, mimi niligeuka mpiga mishale. Usicheke. Ulikuwa mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja, maneno matupu ya Kifaransa yakishuka kwenye kioo cheusi, na watu wa nchi mbalimbali walikutana humo kwa njia ya simu kupigana na majitu. Mimi nimekulia Tanzania, Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini neno la kufyatua mshale nililijua.

Aliyeniingiza ni sekretari wetu, dada mmoja mzaliwa wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Yeye alikuwa ngao yetu: alisimama mbele, akamchokoza mnyama na kupokea mapigo. Wa tatu alikuwa mdogo wake, mwanaume mzima anayeishi Kanada, na kazi yake ilikuwa kutuponya majeraha. Kwetu ikiwa mchana, kwake kulikuwa hakujapambazuka vizuri, naye aliamka makusudi ili atukute. Mimi sasa ndiye niliyekuwa mwenye kuumiza.

"Kaka," dada aliniambia siku ya kwanza, "munyama anafuata mwenye kumuumiza sana. Ngoja mi nimupige mara tatu, ndio utume mushale. Moja. Unangoja. Tena moja. Ukinipita, atakuja kwako. Mudogo wangu atakuponya, na akikuponya tu, munyama atamuona yeye."

Nikauliza kwani akimwona kuna nini. Akanieleza kwamba katika mchezo ule ukifa mara tatu jina lako linafutwa, na mdogo wake alikuwa amekwisha kufa mara mbili. Tangu vita vilipomtoa nyumbani hakuwahi kujibu barua hata moja. Akipigiwa simu alinyamaza mpaka laini ikatike. Mle mchezoni tu ndimo alimokuwa anaongea. Tukishaua mnyama alikaa na dada yake, akamwandikia: mvua imenyesha? Mama anakula?

"Jina yake ikifutwa," dada alisema, "sijue kama atarudia."

Tangu hapo nilicheza roho mkononi. Mimi ni mtu wa papara, hilo silifichi, na kumtazama mwenzako akipigwa huku podo lako limejaa ni kazi nzito kuliko kubeba magunia ya viazi vya Mudende. Nilikalia mkono wangu wa kulia. Kweli, niliukalia, kama mtoto aliyekatazwa sukari. Nilihesabu mapigo ya dada, moja, mbili, tatu, ndipo nikautoa mkono, nikatuma mshale mmoja, nikaukalia tena. Wiki nyingi zilipita hivyo na hakuna jitu lililonitazama. Wakati mwingine niliota ninahesabu.

Ofisi ilikuwa na laini mbili. Dada alitumia ya simu, mimi chumba cha pili nikatumia ya faksi, mbovu kuliko zote. Maneno yalikwama huko njiani kuelekea Kigali, kisha yakaja yote kwa mkupuo. Juu ya hayo, mkuu wetu alikuwa akisubiri faksi wakati wowote, kwa hiyo jicho moja lilikuwa kwenye kioo na jingine mlangoni.

Siku hiyo tulikuta jitu la pangoni. Dada akapiga mara tatu. Nikatuma mshale wangu mmoja, na kioo kikaganda.

Mtu wa Montreal kule Kanada akiandika asijibiwe, nadhani anajua kwamba mtambo umekwama, anangoja. Sisi wa laini mbovu tunajua jambo moja tu, kwamba hatukusikika, kwa hiyo tunarudia kwa nguvu zaidi, kama tulivyozoea kupiga kelele kwenye simu ya Goma. Nikatuma tena. Kimya. Nikatuma tena, na tena, mara nne mfululizo. Mishale yote ilikuwa imejipanga mahali fulani njiani, na laini ilipofunguka ikafika sita kwa pamoja.

"Yewe! We, unafanya nini?" dada akapaza sauti upande wa pili wa ukuta.

Jitu likaniona. La kufanya lilikuwa rahisi: kusimama na kufa peke yangu, kwani mimi nilikuwa bado na maisha yote matatu.

"Kufa tu! Kaka, kufa tu, usikimbie!"

Nikakimbia. Gisenyi ya miaka ile ilitufundisha sote kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Nikakimbilia nyuma, alikosimama mponyaji, na nusu ya uhai wangu ilikuwa imekwisha. Akaniponya. Nikapigwa, akaniponya tena. Kisha jitu likaniacha, likamgeukia yeye.

Dada alilimaliza lile jitu peke yake, lakini kioo kilikuwa kimeshaandika kwamba jina la mponyaji limefutwa. Nilikwenda kusimama mlangoni kwake. Hakunitazama.

"Sifunge muchezo," alisema. "Labda atarudia na jina ingine."

Nikarudi chumbani kwangu nikiwa na aibu hadi miguuni, nikakata laini, nikarudisha waya kwenye faksi. Haikupita dakika kumi ikalia. Nikajua ni faksi ya mkuu, nikangoja ipige mluzi wake. Haikupiga. Nikainua mkono wa simu, nikasema jina la mradi.

Kimya. Nilikuwa nimesimuliwa habari za kimya kile mara nyingi. Namba ile ya faksi ilikuwa imechapwa juu ya karatasi za ofisi ambazo dada alizitumia kumwandikia barua zake zote.

"Ile simu ingine iko occupée," sauti ya mwanaume ikasema hatimaye, taratibu, kama mtu anayejaribu ngazi gizani.

"Ndiyo, inatumika," nikasema. "Dada anakusubiri kule ndani."

Laini ikakwaruza. Niliogopa amekwenda.

"Ule mwenye mishale," akasema, "alipona?"

"Alipona," nikamjibu, na nikashindwa kumwambia kwamba ni mimi. Nikaulaza mkono wa simu mezani polepole, nikiogopa hata kuugonga, nikaenda kumwita dada yake.