Ngamia Hakuja kwa Kura

Waliokuwepo siku ile nawataja wote, mwanangu, kwa sababu kwetu neno lisilo na mashahidi hupeperuka na vumbi. Nilikuwepo mimi, kijana wa kupakia mbuzi kwenye malori pale Modogashe. Alikuwepo Bishaar, rafiki yangu tangu tukiwa watoto. Alikuwepo Mama Halima, mwenye hoteli na mwenye redio. Alikuwepo Mutua, dereva kutoka Ukambani, aliyekuwa akingoja lori lake lijae. Na kwenye benchi la nyuma, akinywa chai bila haraka, alikuwepo baba yake Bishaar, mzee Gedi. Mimi nilimwita adeer, yaani ami, ingawa ukoo wake na wetu ni matawi mawili tofauti.

Mimi si mkongwe. Ila mtu aliyelea wadogo zake huzeeka mapema, na ndiyo maana mnaniita mzee nami naitika. Baba alipofariki niliacha shule. Mama akamfuata muda mfupi baada ya kumzaa Nuria, nikabaki mimi mkubwa, nyuma yangu Fatuma, Issack na huyo mchanga. Wiki ile ile ya msiba, Adeer Gedi alituletea ngamia jike na ndama wake, akamfunga nje ya nyumba yetu. Hakumtoa awe wetu. Alituazima tumkamue, kama ilivyo desturi ya wafugaji: mwenye kupungukiwa hupewa mnyama wa maziwa, na siku naye akijaliwa humwazima mwingine. Maziwa yale ndiyo yaliyomlea Nuria. Hatukuwa na kingine cha kumpa.

Sasa, mwaka ule nchi ilikuwa imetoka kwenye uchaguzi mbaya. Damu ilimwagika huko mbali nasi, kisha wakubwa wakakaa mezani wakasema wataunda serikali moja ya pamoja. Tukangoja kusikia mawaziri ni akina nani. Wakavutana, tukangoja tena. Huku kwetu kulikuwa na watu wawili waliotajwa sana. Mmoja tulimwita Injinia, wa upande wangu. Mwingine tulimwita Wakili, wa upande wa akina Bishaar. Walikuwa wametukanana kwenye kampeni hadi wake zao walikuwa hawasalimiani sokoni. Na sisi tuliamini, sijui nani alituambia, kwamba kiti cha kuja kwetu ni kimoja tu.

Siku majina yalipotarajiwa kusomwa redioni, Bishaar alianza maneno tukiwa tunapakia.

"Warya, we bwana, mnakunywa maziwa yetu, kura mnampa Injinia. Mna haya nyinyi?"

"Maziwa ni ya baba yako," nikamjibu. "Wewe hata kukamua hujui. Ngamia akikuona anacheka."

Mutua alicheka, nasi mbele ya mgeni tukapandwa na hasira zaidi. Bishaar akaweka shati lake sawa akasema, "Basi tukubaliane mbele ya huyu. Mtu wenu akiitwa serikalini, ngamia akae kwenu. Mtu wetu akiitwa, namchukua leo leo."

Nikampa mkono. Mwanangu, nilijiona mtu wa msimamo. Nilidhani mtu imara ni yule asiyerudi nyuma hata akiona shimo.

Tukaingia hotelini. Mama Halima akapandisha sauti ya redio, na majina yakaanza kusomwa. Yalikuwa mengi, subhanallah. Wizara zilikatwa vipande kama nyama ya harusi ili kila mgeni apate mnofu. Nyingine hatukuwahi kusikia kwamba zipo. Kisha likaja jina la Injinia: waziri. Nikaruka nikagonga kichwa kwenye mwamba wa paa. Bishaar akainama kama mtu anayetafuta kiatu chake. Redio ikaendelea, ikafika kwa mawaziri wasaidizi, na hapo likasomwa jina la Wakili. Wizara ni ile ile. Msaidizi wa Injinia.

Sote tukasema pamoja.

"Ameitwa!" Bishaar akapiga meza. "Mtu wetu ameitwa!"

"Ameitwa kumbebea wangu mkoba!"

"Tulisema serikalini. Hatukusema mkoba."

"Ngojeni," Mutua akasema, akihesabu kwa vidole. "Rais yupo. Waziri Mkuu naye yupo. Hawa wawili juzi walikuwa hawataki kuonana. Sasa mimi nauliza, nani aliyeshindwa?"

"Wewe," Mama Halima akamwambia. "Hujalipa chai."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na kichwa kinauma, na si kwa sababu ya mwamba peke yake. Tangu kampeni nilikuwa nimemchukia Wakili kwa ajili ya Injinia. Sasa wako ofisi moja, wanatumia karani mmoja. Ile chuki niipeleke wapi? Naye Bishaar alikuwa amekwisha kuchukua kamba kwenye lori, anasema anakwenda kwetu kumfungua ngamia kabla ya maziwa ya jioni. Nikamzuia mlangoni. Nilimwona Nuria akilini mwangu, kikombe chake mkononi.

"Kamba ya nini?" Adeer Gedi akauliza kutoka nyuma.

Tulikuwa tumemsahau. Kumbe hakuna aliyemweleza makubaliano yetu. Tukamweleza, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Akasikiliza hadi mwisho, akamaliza chai yake, akageuza kikombe.

"Huyo ngamia ni wa nani?"

"Wako, adeer."

"Na mimi niliingia lini kwenye hiyo serikali yenu?"

Bishaar akaificha kamba nyuma ya mgongo.

"Bishaar, wewe umecheza kamari kwa mali ya baba yako angali hai. Na wewe," akanigeukia, na hakupandisha sauti, "wewe umeweka dau maziwa ya yatima, nawe ndiye mlezi wao. Yalikuwa yako? Nani kati yenu mwenye dhambi kubwa, mimi sijui. Injinia na Wakili usiku huu watakula sahani moja. Nyinyi wawili mtakula wapi?"

Bishaar akasema kwa sauti ndogo, "Lakini aabo, wao walipiga kura ya kutupinga."

"Ngamia hakuja kwa kura," mzee akasema. "Hataondoka kwa kura. Rudisha kamba ya watu."

Jioni ile Issack alikamua kama kawaida na Nuria akanywa akalala. Mimi sikulala. Nilikuwa najaribu kuelewa jambo lile na sikuweza. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tuliacha jembe na kapu, tukaenda kushika fimbo.

Usidhani tulipatana kesho yake. Aibu nayo ni ukuta. Miezi ilipita mimi na Bishaar tukipakia mbuzi wale wale bila kusemezana. Siku moja waziri na msaidizi wake walipita Modogashe wakienda kufungua kitu fulani mbele huko, wamekaa kiti cha nyuma cha gari moja, wanacheka. Bishaar alikuwa upande ule wa barabara, mimi upande huu. Tulisimama pande mbili tukilipungia gari moja. Lilipopita tukabaki tunatazamana katika vumbi, na Bishaar akasema, "Hata hawakupunguza mwendo." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. Nilivuka barabara.

Juzi ulinijia na simu yako, mwanangu, umekasirika. Ukanionyesha picha: wakubwa waliokuwa wakitupiana maneno mwaka jana leo wameapishwa pamoja, wanakaa baraza moja la mawaziri. Ukaniuliza, sasa sisi tulikuwa tunagombania nini? Mimi sijui. Nilichanganyikiwa wakati ule na nimechanganyikiwa tena leo. Miaka haikunipa jibu. Pengine wanapatana ili nchi ipone. Pengine wanapatana ili wao washibe. Pengine ni yote mawili, na mtu wa Modogashe hawezi kuyatenganisha. Lakini nimesikia pia kwamba umemtoa binamu yako kwenye kundi lenu la simu, na kwamba hukwenda kumwona mama yake alipolazwa. Hilo silo la Nairobi. Hilo ni lako.

Nasaha yangu ni hii. Penda kiongozi umtakaye, mpigie kura, msimamie. Ila kile kinachowalisha watu wa nyumbani kwako usikiweke dau kwa jina litakalosomwa redioni, maana asomaye hakujui. Na jirani aliyekuletea maziwa siku ya msiba usimwulize chama chake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hao wengine ni wapita njia.

Adeer Gedi ametangulia mbele ya haki. Ukame uliofuata ulimaliza mifugo ya Bishaar, naye akahamia Garissa, anaendesha tuktuk. Mimi leo nina ngamia wangu, alhamdulillahi. Nilimwambia nimpelekee mmoja wa kukamua, kama desturi inavyonitaka. Akacheka hadi akakohoa. "Walaal, ndugu yangu, nyumba ya kupanga, nimlaze wapi? Jikoni?" Nikaanza kumpelekea maziwa kwa gari. Lakini Nuria anasoma chuo hapo Garissa, na anakaa kwa nani? Kwa Bishaar. Anakula kwake, analala na binti zake, na kodi ya chumba hawataki hata kuisikia.

Mungu akupe macho ya kumwona jirani yako kabla hujaitazama simu. Akupe ndugu wengi na ugomvi mfupi. Nami aniongezee umri kidogo, kwa sababu kila nikipeleka maziwa Garissa narudi nikiwa na deni kubwa kuliko nililokwenda nalo.