Kizibo Namba Tisa

Mwaka 1994 shangazi yangu Getruda, Mama Pius kwa wenzake, alikuwa mmoja wa wanawake tisa waliochukua mitumba kwa Mihayo, mwenye stoo ya marobota pale Igoma, Mwanza. Kila nguo ilikuwa bei moja, nzuri na mbovu, kwa hiyo riziki ilitegemea nani anachagua kwanza. Na wa kwanza, siku zote, alikuwa Kashindye, shemeji yake Mihayo, kisha marafiki wawili wa Kashindye. Shangazi aliachiwa makoti mazito na suruali za majitu.

Tumbo likaanza kumuunguza. Daktari alimpa dawa ya vidonda, akamwambia aache pilipili. Shangazi hakuwa mlaji wa pilipili. Nilimwona mezani kwake sokoni, wateja wanapita, yeye anamjibu Mihayo kimoyomoyo. Chuoni walitufundisha kwamba soko sasa ni huria. Huria kwa nani, kama stoo inafunguliwa kwa undugu?

Jumatatu moja, kabla robota halijakatwa, shangazi aliweka juu yake sufuria yenye vizibo tisa vya soda, vimeandikwa namba kwa ndani.

"Kaka Mihayo, kuanzia leo tunachagua kwa kuokota namba."

Kashindye alicheka. "Mama Pius, bahati nasibu imehamia Igoma?"

"Imehamia. Anza wewe, shemeji wa watu."

"Mkikataa," Sada, muuza magauni, akadakia, "sisi sita wa nyuma tunahamia stoo nyingine. Mtavaa wenyewe."

Mihayo aliwatazama wale sita, mmoja mmoja. Akaguna. Kisha akaingiza mkono sufuriani, akavikoroga vizibo mwenyewe.

Kashindye alipata tatu. Shangazi alipata tisa.

Nilitaka kulia. Yeye alikigeuza kile kizibo, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Tisa! Lakini nimeiokota kwa mkono wangu!"

Akaondoka na makoti yaleyale. Ila njiani hakunung'unika. Akaniuliza, "Hivi Mwanza hii, nani anasikia baridi?"

Asubuhi tuliyabeba hadi mwaloni, wavuvi wanaposhusha sangara huku wakitetemeka kwa baridi ya ziwa. Makoti yalikwisha kabla chai haijachemka. Jitu moja lilivaa lake na samaki bado begani.

"Shangazi," nikamwambia, "makoti kama haya umekaa nayo miaka miwili!"

"Ningefikiri saa ngapi? Kutwa nilikuwa nagombana na Mihayo humu kichwani."

Baada ya miezi michache, dawa ya vidonda ameshaisahau, namba moja ilimwangukia. Akaenda moja kwa moja kwenye makoti.

"Umewehuka, Mama Pius?" Kashindye akapiga kelele.

"Chagua magauni, mdogo wangu. Zamu yako inakuja."

Mwaka 1997 alifungua kibanda chake cha makoti Igogo, karibu na ziwa. Siku hiyo tulikula sato wa kukaanga, mimi, wale wanawake wote tisa na Mihayo. Shangazi akamalizia dagaa wake wa pembeni, akanyoosha mkono.

"Nipeni na pilipili."