Likizo Iliyoishia Njiani

Mke wangu alipewa likizo ya siku thelathini. Ni muuguzi katika hospitali moja huko Ghuba, Uarabuni, na alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka miwili. Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea alipomwacha. Mama yangu alihama kijijini Haneti akaja kumlea hapa Dodoma, maana mimi hutoka asubuhi kwenda ofisini Mtumba na kurudi jua likizama.

Siku mbili kabla ya safari, vita vikalipuka upande ule. Alinipigia simu akiwa ameshafunga mizigo.

"Wamefunga anga," alisema. "Hakuna ndege inayoruka."

Nilipomweleza mama, aliacha kuchambua mlenda. "Anga linafungwaje? Nani ana ufunguo?"

Nikauchukua ule mlenda, nikaendelea kuuchambua mimi.

Hospitali ilihesabu likizo kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, ndege iwepo isiwepo. Tiketi ya kwanza ikafutwa. Ya pili ikasogezwa wiki nzima. Ya tatu ilipopatikana, shirika likadai nyongeza: mafuta yamepanda, na ndege sasa inazunguka mbali kukwepa eneo la vita. Akalipa kwa fedha aliyoiweka kuezekea nyumba ya mama. Binti alikuwa akiniuliza kila jioni, "Mama anakuja kesho?" Nami nilikuwa nikimjibu keshokutwa, mpaka akaacha kuuliza. Hilo lilinichosha kuliko mengine yote.

Hatimaye akatua Dar es Salaam. Ndege ya kuja Dodoma ilikuwa ya mchana. Niliomba ruhusa ya wiki moja kazini, nikamvalisha binti gauni la kanisani, tukaenda uwanjani. Tulikaa kama saa mbili, ndipo dada wa kaunta akatujia.

"Samahani kaka, ndege ya leo imeunganishwa na ya kesho jioni. Abiria wachache, na mafuta ghali."

"Mke wangu yuko Dar, dada. Sijamwona miaka miwili."

"Naelewa, kaka. Maneno haya nayasema tangu asubuhi." Alionekana amechoka kama mimi.

Nikampigia mke wangu. "Nimechoka kusimama kwenye kaunta," akasema. "Kesho nakuja na treni."

Alishuka stesheni saa sita mchana, amekonda, macho mekundu, anaburuta sanduku moja. Nilimsogeza binti mbele taratibu. Akamtazama yule mwanamke, akainamisha kichwa kama bibi yake alivyomfundisha kufanya kwa wageni.

"Shikamoo."

Mke wangu alikuwa ameshafungua mikono. "Marahaba," akaitika, akaishusha polepole.

Zilibaki siku nane. Mbili za kwanza alilala tu. Mama alimpikia ugali wa uwele na mlenda, akamfunikia mezani. Siku ya nne binti akaanza kumfuata mama yake jikoni. Ya sita akakubali kusukwa. Akakaa chini katikati ya magoti yake, hakulia hata nywele zilipovutwa.

Siku hiyohiyo ujumbe wa shirika la ndege ukaingia kwenye simu ya mke wangu. Safari za ndege zimepunguzwa, aondoke kesho, la sivyo hajulikani atapata nyingine lini.

"Usirudi," nilimwambia.

"Nisirudi, halafu?" Hakuwa na hasira. "Mkataba umebaki mwaka mmoja. Nikiuvunja, hata barua ya kuthibitisha kazi niliyofanya hawanipi."

Mama, aliyekuwa anatusikia, aliinuka akaanza kumfungashia karanga.

Asubuhi tulimsindikiza stesheni. Binti alimshika kanga, akalia kwa sauti mpaka watu wakageuka. Nilimbandua vidole kimoja kimoja.

"Afadhali analia," mke wangu alisema. "Wiki iliyopita asingelia." Akapanda.

Nilimrudisha mtoto kwa bibi yake, nikaenda Mtumba. Ruhusa yangu nayo ilikuwa imekwisha.