Chumba cha Picha cha Shangazi

Juzi nilipita mtaa wa Mudzipela kutafuta mafuta ya kupikia, nikajikuta nimesimama mbele ya kilichokuwa chumba cha kupigia picha cha shangazi yangu. Siku hizi wanauza humo vifuniko vya simu. Ukuta wetu wa buluu wameupaka rangi ya njano. Muuzaji akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta mafuta.

Nilikulia mle ndani, rafiki yangu. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kunyunyiza maji mlangoni ili vumbi la pikipiki lisiingie, kisha kufua shuka jeupe na kulianika. Shangazi alikaanga mandazi nyuma, harufu yake ikachanganyika na ya wino wa mashine ya kuchapia picha. Umeme ulikuwa wa shida, kwa hiyo taa yetu kubwa ilikuwa dirisha. Shuka tulilishika upande wa pili wa uso, lirudishe mwanga kidogo penye giza. Ili kunifundisha, shangazi alinikalisha kwenye kigoda, akanigeuza kidevu polepole, kisha tukabadilishana, mimi nikamgeuza yeye.

"Usimalize kivuli chote," alisema. "Uso bila kivuli ni sahani." Na kila mara: "Angalia mu macho. Kama mwanga haiko mu macho, usibonyeze."

Walikuja maharusi, wanafunzi waliopata diplome, wachimba dhahabu waliogoma kuvua miwani myeusi. Kisha vita vikaanza vijijini, watu wakajaa mjini na magodoro kichwani. Hapo wakaanza kuja wazazi waliotaka picha za watoto, wapate kuwatafuta wakipotea.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja kutoka kambi ya waliokimbia, mtoto mgongoni. Alifungua kitenge taratibu. Mtoto alikuwa amekwisha kufa.

"Alikuwa na homa siku mbili tu," akasema. "Wanamuzika saa nane. Sina ata picha yake moja."

Shangazi alishika kamera, akaiweka chini. Yeye mwenyewe aliwahi kumzika binti yake njiani, alipokimbia vita vya zamani, na picha hakubaki nayo.

"Siwezi," aliniambia kwa sauti ndogo. "Fanya weye, mama." Ndivyo alivyoniita siku zote, ingawa nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Nilivuta pazia nusu ili mwanga upungue ukali. Nilimwomba yule mama asogee dirishani, amlaze mtoto mikononi. Shangazi alishika shuka. Kwa mazoea nilitafuta mwanga machoni mwa mtoto, kisha nikakumbuka.

"Ataonekana kama analala?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Nikabonyeza mara tatu.

Wiki iliyofuata yule mama alirudi, picha ameifunga kwenye leso. Alitazama ukutani, penye picha za wateja ambao shangazi aliwaondoa makovu kwa kompyuta.

"Nasikia machine yenu inabadilisha watu," akasema. "Munifungulie yeye macho."

Shangazi akasema: "Ile hatuwezi, mama. Utusamehe."

"Haizuru," akajibu. Akakaza fundo la leso yake, akaenda. Siku ile hatukupika.

Baadaye watu wenye silaha walifika mtaani kwetu, tukakimbilia ng'ambo ya ziwa, nchi jirani. Shangazi alifia huko. Niliporudi, kamera, kompyuta na picha zote zilizokuwa ndani yake vilikuwa vimeibwa, hata pazia.

Sasa napiga picha mtaa wa Ngezi. Wateja wa zamani hunifuata mpaka leo, kuuliza kama picha ya baba yao au ya dada yao haikubaki kwangu. Nawaambia hakuna iliyobaki. Hawaondoki mara moja. Wanaanza kunieleza: alivaa shati la mistari, aligeukia upande huu, alikataa kucheka. Mimi naweka kamera chini, nawasikiliza mpaka wamalize.