Skrubu Midomoni

Fundi wa televisheni wa Lumemo hufanya kazi akiwa amebana skrubu midomoni, kwa hiyo anayetaka jibu lake husubiri azitoe moja moja. Vidole vyake vimejaa makovu ya kulehemu, lakini mfuniko wa televisheni huufungua taratibu, kama anayemvua mgonjwa shati. Balbina alimzoea hivyo kwa kwenda kuulizia televisheni yao. Jumamosi aliikuta inawaka, picha safi kabisa, akanyong'onyea.

"Shikamoo, fundi. Kumbe imepona," alisema. "Tangu uichukue, mume wangu anakwenda mwenyewe kuamia ndege kwenye mpunga. Mtu aliyekuwa akiinama kufunga viatu anahema. Sasa hata tumbo limeanza kupungua, na jioni tunakula sinia moja na watoto, anawaigizia kwelea mpaka wanapaliwa."

Fundi alikuwa bado na skrubu midomoni. Nje, Eustaki, mume wa Balbina, alikuwa anaegesha baiskeli. Kabla hajaingia, fundi alipeleka mkono nyuma ya televisheni, akachomoa waya, kioo kikawa cheusi. Kisha akazitoa skrubu bila haraka.

"Kifaa chake hakijafika, mzee. Njoo ukishavuna."

Eustaki aliguna, akatazama jua. "Basi twende, mama Levina. Ndege hawasubiri."

Balbina alichelewa kidogo mlangoni. "Asante, fundi," alisema kwa sauti ya chini.

Skrubu zilikuwa zimesharudi midomoni. Fundi aliitikia kwa nyusi.