Msichana Aliyeuliza Kuhusu Mbege

Bado nafundisha sekondari huku Kibosho, na kila nikifika kwenye somo la ulevi nasikia swali moja kabla halijaulizwa. Wanafunzi wa sasa hawajui kwa nini ghafla naweka chaki chini na kutazama dirishani. Wanadhani madamu amezeeka. Waache wadhani.

Mwaka ule nilikuwa mlezi wa klabu ya shule ya kupinga dawa za kulevya. Nilijitia kimbelembele, maana mimi ni mtu wa mdomo, na nilikuwa nimetoka semina mjini Moshi na mabango yangu kwapani. Nikawachambulia bangi, mirungi, gongo, hadi gundi wanayonusa watoto wa stendi. Niliwatisha vizuri sana. Ndipo binti mmoja wa kidato cha pili, mpole, aliyelelewa na bibi yake tu, akanyoosha mkono.

"Madamu, na mbege je?"

Nikacheka. Mchagga gani anaiita mbege ulevi? Sisi mama alitulaza nayo tukiwa wadogo. Ni pombe ya ndizi na ulezi, lakini kwetu ilikuwa kama uji uliochachuka. Nikamjibu kwamba mbege ni chakula, aulize mambo ya maana. Darasa zima likaangua kicheko, naye akakaa.

Miezi michache baadaye alianguka mstarini asubuhi. Walimu waliomwinua walisikia harufu, na kwenye begi lake wakakuta chupa ya maji imejaa gongo. Akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, nami nikiwamo. Alipoulizwa alianza lini, akaeleza taratibu kwamba bibi yake hupika mbege ya kuuza, na tangu darasa la tano alikuwa akinywa kata moja, kile kibuyu cha kunywea, asubuhi badala ya chai. Moja ikawa mbili. Mwaka ule mbege ikawa haimtoshi tena, akahamia gongo. Mkuu wa shule akamuuliza kwa nini hakumwambia mtu.

"Nilimuuliza madamu," akasema.

Hakunitazama. Ningesema pale pale kwamba ni kweli, huenda wangemhurumia. Mimi na mdomo wangu wote nikainamia daftari, nikajifanya naandika. Wakamfukuza shule. Jamani, nililia chooni mpaka kengele ya kutoka ikagongwa.

Aibu ile ilinitafuna hata chakula kikanishinda. Jumamosi moja nikakata isale, lile jani refu tunalolipanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Kwetu, ukimkosea mtu ukamwendea na isale, hawezi kukunyima msamaha. Nikapanda nalo hadi kwa bibi yake, nikamwamkia shikamoo, nikakiri yote: swali, kicheko, na ukimya wangu kwenye kikao. Nilikuwa nimepanga pia kumwomba amtoe mtoto kwenye biashara ile ya pombe, nami nimtafutie shule nyingine. Hilo nililiweka la mwisho, kwa woga. Bibi akalipokea jani, akasema yamekwisha. Kabla sijaendelea, akamwita mjukuu wake alete mbege tumalizie vizuri.

Binti akatoka jikoni amebeba kata kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda. Nilijua kinachofuata, kila mtu wa huku anakijua: anayekuletea mbege huonja kwanza mbele yako, ndipo akukabidhi. Kuikataa ni kumtupia bibi msamaha wake usoni. Binti alisimama mbele yangu akinitazama, na mpaka leo naamini alikuwa ananingoja niseme neno.

Sikusema. Akainua kata, akapiga mafunda matatu makubwa, akanipa, nami nikanywa.