Ukuta wa Vyungu

Mwaka wetu wa nne wa usanifu majengo, mwalimu alitangaza kwamba darasa litakwenda Kyela kufufua ghala la mpunga lililoachwa tupu karibu na soko. Tungechora na kujenga kwa mikono yetu wenyewe, ili kina mama wapate mahali pa kuuzia bidhaa zao. Wenzangu wote wakanigeukia. Kyela ni kwetu. Nilijua kabla hata ya kushika penseli kwamba mchoro utakaochaguliwa ni wangu.

Ukachaguliwa wa msichana wa Tanga, ambaye hakuwahi kufika Kyela.

Alitaka kuzibua madirisha yaliyozibwa kwa matofali, halafu mahali pake apange vyungu visivyo na matako, vilivyolazwa, ili upepo na mwanga vipite. Mwalimu alisema, "Hili jengo sasa litapumua." Mimi nilikulia katikati ya vyungu vya kwetu. Mama yangu anavipikia mpaka leo. Kwa nini wazo lile halikunijia mimi?

Kibaya zaidi, msichana huyo alifikia nyumbani kwetu Ngonga. Siku ya pili tu alikuwa anamsalimu mama kwa Kinyakyusa, na kila akipewa chakula anashukuru, "ndaga fijo", kwa lafudhi ya kuchekesha. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwambia, "Wewe ni mwanangu wa Tanga." Kuhusu mchoro wangu mama hakuuliza kitu. Nilikuwa nimeuleta, umekunjwa kwenye begi.

Mimi na yeye tulikwenda Lyulilo, kwa wafinyanzi wa kando ya ziwa, kuagiza vyungu. Mwenzangu hakujua Kinyakyusa zaidi ya salamu na shukrani, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Mfinyanzi mmoja, mama wa makamo mwenye udongo mpaka kwenye viwiko, alisikiliza, akaangua kicheko.

"Chungu kisicho na tako utakipikia nini?"

Nikamfafanulia: si cha kupikia, ni cha ukutani. Akainua chungu kimoja kibichi na kuchungulia ndani yake kama anayekiona kwa mara ya kwanza.

"Nani kawaza hivi?"

"Huyu hapa."

"Mwambie ana akili. Mwambie mimi nimefinyanga tangu utotoni, sijawahi kuwaza hivi."

Nilitafsiri kila neno, kwa sauti kavu. Mwenzangu akanikumbatia kwa furaha. Nilisimama mikono ikining'inia.

Kazi yenyewe ilitutoa jasho. Joto la Kyela halina huruma, na mvua ikikatika mbu wanashika zamu. Tulibomoa, tukachanganya saruji, tukapanga vyungu safu kwa safu. Nilipanga kwa uangalifu kuliko yeyote, kwa sababu nilitaka mtu aseme safu zangu ndizo zilizonyooka. Mwalimu alizipima, akaenda kumpongeza msichana wa Tanga kwa usimamizi mzuri.

Siku ya kufungua, watu walijaa. Mwalimu aliniomba nieleze jengo kwa Kinyakyusa. Nikaeleza, na nilieleza vizuri: jinsi ghala lilivyokuwa tanuri, jinsi upepo wa ziwani sasa unavyoingia. Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja akanishika mikono yote miwili, akasema, "Umetuheshimisha, mwanangu. Kumbe vyungu vyetu vinajenga!"

Kwa muda mfupi nilikaa ndani ya sifa ile, nayo ilikuwa tamu. Kisha nikamwona mwenzangu pembeni akipiga makofi pamoja nao, bila kuelewa hata neno.

"Bibi, wazo ni la yule," nikasema.

Basi wote wakamgeukia. Vigelegele vilivyopigwa vilizidi makofi yangu mara kadhaa. Hata mama alivipiga.

Kesho yake mama alimfungia mchele mpya na ndizi za kupeleka kwao Tanga. Mfuko ulikuwa mzito, na yeye alikuwa na vidonda vya saruji viganjani. Nikaubeba mimi mpaka stendi, yeye akitembea mbele, akiwasalimu watu wa kwetu mmoja mmoja, nao wakimwitikia.